Yule Mama wa Kwenye Kaliko

Mimi na Papa Munezero tumeoana zamani, na tumegombana kwa mambo mengi. Lakini sijawahi kutamani kumpiga mwiko wa kichwa kama siku ile aliporudi kutoka mjini amekumbatia kaliko ya matanga ya dada yake.

Kaliko mnaijua. Ni kile kitambaa kirefu chenye picha ya marehemu, jina lake na tarehe zake, kinachotundikwa getini ili anayekuja kulia ajue amefika. Siku hizi hapa Goma ukifanya matanga bila kaliko watu wanadhani umemzika mwizi. Papa Munezero aliikunjua uani, akashika ncha moja, mimi akanipa nyingine.

“Unaona vile anapendeza?” akasema.

Nikatazama. Mama mmoja mweupe mweupe, uso laini kama wa mtoto, mdomo umefungwa, kilemba cha bluu kichwani, kikwembe cha bluu mpaka kwenye vidole vya miguu. Amekaa kwenye kiti cha dhahabu, maua kushoto, maua kulia. Vidoleni pete, na wifi yangu hakuwahi kuvaa pete maishani mwake.

“Huyu ni nani?” nikauliza.

“Mama Munezero, usianze.”

“Sijaanza. Nauliza ni nani, nimwandalie chai.”

Hakucheka. Mume wangu, Muzee Ntirenganya, ni mzee wa kanisa, na siku hiyo alikuwa amevaa uzee wake wote. Alichukua ngazi mwenyewe, akaitundika ile kaliko getini. Chini ya yule mama walikuwa wameandika jina la wifi yangu, Élisabeth Umugwaneza, kwa herufi za kupindapinda ambazo hata mimi niliyesoma nilizisoma kwa shida.

Sasa niwaambie Eliza alikuwa nani, maana kwenye kaliko hamtamwona.

Eliza alifundisha jiografia hapa Goma mpaka akapewa pensheni. Walimu wengine wakistaafu wanafuga kuku. Yeye alifunga begi. Alikuwa mjane, watoto hakupata, na aliishi katika kinyumba cha nyuma ya uwanja wetu, chumba cha mbele amempangisha fundi cherehani. Ukisikia geti linalia alfajiri, ujue Eliza anakwenda. Alipanda lori mpaka Kisangani, akateremka mtoni kwa mashua ya mizigo hadi Kinshasa, akarudi amekonda na anajua kupika samaki wa kule. Alipanda treni ya Lubumbashi iliyoharibika porini, na safari hiyo ndiyo aliyoisifu kuliko zote, kwa sababu ilipoharibika alipata nafasi ya kuwauliza watu wa vijiji vile wanaota ndoto gani. Hakuna kitu alichokipita bila kukiuliza. Walinzi wa mbuga kule Rumangabo walikuwa wakimwona anashuka kwenye pikipiki wanaambiana, “Maswali yamefika.” Mama wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa soko la Kituku aliwauliza mambo ya samaki mpaka wakamfanya mwenzao, wakamwekea kiti chake sokoni.

Lakini safari yake kubwa ilikuwa ya maji. Yeye na mume wangu walizaliwa Rutshuru, karibu na mto wenye jina hilohilo, na Eliza alikuwa na neno moja tangu niolewe na kaka yake: yale maji yanakwenda wapi? Darasani alikuwa anajua. Alitaka kuyaona. Akaanza Vitshumbi, mto unapoingia ziwani, akala samaki, akarudi. Mwaka mwingine akayafuata Semliki, mwaka mwingine Ziwa Alberti, mwaka mwingine Uganda, yakiwa yameshaitwa Nili. Alifika Juba. Sudani vita vikamzuia, na alivikasirikia vita vile kama mtu aliyemfungia mlango usoni. Mwishowe akaruka kwa ndege mpaka Misri, akapanda basi mpaka pale maji yanapoingia baharini, ncha ya mwisho kabisa.

Watu walimwuliza, “Mwalimu, unatafuta nini huko?” Alikuwa na jibu moja tu. “Mutu mumoja aliniambia: fuata uone. Basi nafuata.” Ukimwuliza mtu gani, anacheka. Mimi nilidhani ni padri fulani wa zamani.

Nami nilikuwa ndiye wa kumsindikiza mpaka barabarani. Kaka yake hapana. Eliza akifungua geti, Papa Munezero anaingia chumbani, anafunga mlango. Ilimuuma. Kule Rutshuru ndugu zao walikuwa wanasema dada yake ni mzururaji, mwanamke asiye na kwao, na yeye maneno yale aliyameza miaka na miaka bila kuwajibu. Picha za safari hakuzitazama hata moja. Eliza akimnyoshea, anasema, “Weka pale.” Hata aliporudi kutoka Misri, alipita kinyumba chake bila kutua mzigo, akaja moja kwa moja kwa kaka yake na begi mgongoni, akasimama mlangoni anahema, akasema, “Kaka, yanaishia baharini.” Papa Munezero akamjibu, “Nini inaishia baharini? Kaa kwanza ukule.” Eliza akakaa, akala. Nakumbuka hakusema neno tena jioni ile, na mimi nilidhani ni uchovu.

Moyo ndio uliomwua. Hospitalini, alipoona hatarudi nyumbani, alinivuta mkono akanitilia kiganjani picha moja ndogo, ile ya karatasi. Nyingine zote zilikuwa ndani ya simu yake, na namba ya kuifungua hakumpa mtu. “Mama Munezero,” akaniambia, “kwenye matanga yangu weka hii. Wasiniweke mutu mwingine.” Nikamwambia nitaiweka. Nikaapa, na mimi si mtu wa kuapa ovyo.

Kwenye hiyo picha Eliza amesimama juu ya mawe, nyuma yake bahari. Amevaa suruali na koti la kiume la rangi ya kahawa, lile lake la safari, ambalo mimi nilikuwa nalijua kwa sababu kila mara nililishona mahali. Upepo umempeperusha nywele. Anacheka mdomo wazi kabisa, lile pengo la meno ya mbele linaonekana mpaka mwisho. Ni Eliza mzimamzima.

Siku alipofariki nilimpa Papa Munezero picha ile mezani. Aliiona suruali, akaigeuza kifudifudi. “Dada yangu hatalala mbele ya kanisa na suruali,” akasema. Akachukua kadi ya uchaguzi ya Eliza, yenye ile picha ambayo hata wewe msomaji ungejikana, akampelekea Balagizi wa studio ya picha amfanyie montage. Balagizi naye akafanya kazi yake: akamlainisha, akamfunga mdomo, akamtafutia mwili wa mteja mwingine na pete zake, akamkalisha kwenye kiti cha dhahabu.

Tulibishana. Nikamwambia niliahidi. Akaniambia yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Nikamwambia ukubwa wa ukoo haumpi mtu uso mpya. Akatoka, akaenda kupanga viti. Viti vingi, vya plastiki, chini ya hema, maana alijua dada yake anajulikana na mji mzima.

Siku ya kwanza ya kaliko, hema lilikaa tupu.

Walikuja majirani wa karibu, fundi cherehani, na wale ndugu wa Rutshuru wakiwa na nyuso zao za kuja kuona. Basi. Watu wa mbuga hawakuonekana, wanafunzi wake wa zamani hawakuonekana, na wale mama wa Kituku, ambao kwa kilio hakuna wa kuwashinda kando ya ziwa hili lote, hawakuonekana. Nikasema labda mvua. Kesho yake jua likawaka, hema bado tupu. Na maziko yalikuwa kesho kutwa asubuhi. Mmoja wa wale ndugu, bibi mmoja mwembamba, akasema kwa sauti ya kusikika, “Mutu wa barabarani, barabara haitamulilia.” Nilimtazama. Nilikuwa na sufuria ya maharage mkononi, na Mungu tu ndiye aliyemwokoa.

Nikatoka kwenda kuazima masinia barabara ya pili. Kule nako kulikuwa na matanga, kwa Nsanzimana, walikuwa wamefiwa na bibi yao. Nilikuwa bado mbali nikasikia kilio. Kilio kikubwa, kinapanda kinashuka, kinaita jina. Nikasimama. Kile kilio nilikijua.

Nikachungulia ndani ya uwanja wa Nsanzimana. Kwenye mkeka, katikati ya watu nisiowajua, wamekaa mama wa Kituku wote, vikwembe vimefungwa kiunoni, wanalia wanajipigapiga mapaja: “Eliza wee! Eliza mwenye maswali!” Na wenyeji wamewakodolea macho, kwa sababu bibi yao aliitwa Virginie.

“Mama Kanyere!” nikamwita mkubwa wao. Kanyere ni Mnande wa Butembo, anauza sambaza tangu soko la Kituku halijajengwa. “Unafanya nini hapa?”

“Namulilia Eliza. Na wewe unatembea barabarani siku ya kilio?”

“Eliza hayuko hapa! Matanga yetu ni kule juu!”

Kanyere akapangusa pua. “Tulipita kule juu jana. Kwake hatukuwahi kufika, yeye ndiye alikuwa anatukujia sokoni. Tukaona kaliko ya mama mwingine, mama wa watu, anapendeza, amekaa kwenye kiti. Tukasema bon, kwa huyo si kwa Eliza, kwa Eliza ni mbele. Tukasikia kilio hapa, kaliko haijatundikwa bado, tukaingia.” Akageuka kwa wenzake. “Si tuliona mama mwingine?” Wote wakaitikia. Walipita wengine pia, wakaniambia, walimu na watu wenye mashati ya mbuga, wametazama picha ya kaliko yetu, wamepiga ishara ya msalaba kwa heshima, wameendelea na safari.

Yesu wangu. Watu walikuja. Walikuja na tukawafukuza na picha.

“Inukeni basi, twende,” nikasema.

Kanyere hakuinuka. “Hapana, Mama Munezero. Tumekaa kwa watu, tumekula chakula yao, tumeweka unga wetu kwenye unga yao. Mutu hatoki kwenye matanga ya watu katikati ya kilio kama mutu anatoka sokoni. Mwenye marehemu mwenyewe akuje, atuombee ruhusa kwa hawa baba. Na kitu kingine.” Akaninyoshea kidole. “Sisi tunamulilia Eliza. Ule mama wa kaliko hatumujui. Kama mume wako anataka kumuzika ule, amuzike na wanaomujua.”

Nilirudi nyumbani bila masinia, mbio, umri huu wangu na magoti haya yangu. Nikachukua ngazi palepale ilipokuwa imeegemezwa, nikapanda, nikaanza kufungua kamba za kaliko kwa meno.

“Mama Munezero!” Papa Munezero alitoka mbio. “Unafanya nini mbele ya watu?”

“Watu gani?” nikamwuliza kutoka juu. “Nionyeshe hao watu.”

Akatazama hema lake. Viti vimepangwa vizuri, vyeupe, vitupu.

“Shuka.”

“Sishuki. Ukitaka tikisa ngazi, utafanya kaliko mbili.” Nikamwambia yote, nikiwa juu huko, kamba mdomoni: Kanyere, mkeka wa Nsanzimana, walimu waliopiga msalaba na kupita. Sikupunguza neno. Wale ndugu wa Rutshuru wakatoka ndani kusikiliza, yule bibi mwembamba akiwa mbele. Nikafurahi wanasikia.

Nilipomaliza, mume wangu alikuwa amekaa kwenye kimoja cha vile viti. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Wewe hujui walichokuwa wanasema,” akaniambia. “Wewe ulikuwa unamsindikiza, unacheka naye. Mimi ndiye nilikuwa nabaki na maneno. Nilitaka mara moja tu, siku yake ya mwisho, wamtazame waseme dada ya Ntirenganya alikuwa mama wa heshima. Mara moja tu. Ni kosa?”

Hasira yangu ililegea, nakiri, lakini mikono haikuacha kufungua. Kaliko ikaanguka nusu, yule mama wa watu akabaki ananing’inia kichwa chini na maua yake. Nikashuka. Nikafungua fundo la kikwembe changu, mahali nilipokuwa nimeitunza picha ya Eliza tangu alipoigeuza chini, nikamwekea kiganjani.

“Tazama,” nikasema. “Suruali umeshaiona, iache. Tazama juu.”

Alitaka kusema “weka pale,” nilimwona mdomo wake unaanza. Lakini palikuwa hakuna mahali pa kuweka. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa.

Akatazama muda mrefu. Kisha akaisogeza karibu na macho.

“Hili koti,” akasema.

“Koti lake la safari. Ni la mitumba, nadhani. Limezeeka, nimelishona mpaka nimechoka.”

“Huu mfuko wa kifuani, kitambaa cha bluu. Wewe ndiye ulishona?”

“Hapana. Nilimkuta nao.”

“Ni mama,” akasema. “Mama yetu alishona kwa kipande cha nguo yangu ya shule. Hili koti ni langu.” Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. “Lilipotea Eliza alipokwenda Bukavu kusomea ualimu. Nililitafuta mpaka kwenye banda la kuku. Hapa ni wapi?”

“Misri. Pale maji ya Rutshuru yanapoingia baharini.”

Akavua miwani, akainama juu ya picha. Nikadhani anaumwa, nikamshika bega.

“Tulikuwa mtoni tunafua,” akasema. “Tulikuwa vijana. Nilikuwa nimelianika hili koti kwenye majani. Yeye anauliza tu, anauliza tu, maji yanakwenda wapi, na nyuma ya pale kuna nini, na nyuma yake tena. Nikachoka. Nikamfokea. Nikamwambia, fuata uone!”

Yule bibi mwembamba akavuta kiti, akakaa.

Mimi niliisikia tena ile sauti mlangoni, begi mgongoni: Kaka, yanaishia baharini. Naye aliisikia, kwa maana alifunika uso kwa kiganja akalia, mzee wa kanisa, mbele ya ndugu zake wote wa Rutshuru, akalia kwa sauti kama anavyolia mtu anayefiwa. Tangu Eliza afariki hakuwa amelia. Alikuwa anapanga viti.

Nilitaka kumkalisha ndani. Akauondoa mkono wangu. Akasimama, akaivuta ile kaliko iliyobaki, kamba zikakatika, akaikunja, akampa fundi cherehani. “Fanya nayo chochote,” akasema. Kisha akatoka getini na picha kiganjani, kichwa wazi, bila koti, bila fimbo yake. Mimi nikamfuata. Ndugu wakatufuata. Sijui walifuata kwa huzuni au kwa kutaka kuona, na haikunihusu tena.

Kwa Nsanzimana alisimama mlangoni kama inavyotakiwa, akampa mwenye nyumba pole ya bibi yake, akaomba ruhusa. Nsanzimana akamshika mikono yote miwili. “Chukua, muzee,” akasema. “Wamemulilia bibi yetu kuliko sisi wenyewe. Mungu awabariki.”

Papa Munezero akaenda mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti kwa shida, akamnyoshea Kanyere ile picha ndogo.

“Mama zangu,” akasema, “mulimukosa kwa sababu yangu. Huyu ndiye.”

Kanyere akaishika, akaisogeza kwenye mwanga. Uso wake ukafunguka wote. “Aaa! Eliza! Muone meno yake! Muone!” Picha ikazunguka mkono kwa mkono, wanaigusagusa, wanacheka na kulia pamoja, kila mmoja anauliza hapo ni wapi, na nyuma ya hapo kuna nini. Ilipomrudia, Kanyere alipapasa lile koti kwa kidole chenye magamba ya samaki.

“Na koti yake ya kizee,” akasema. “Tulimuambia aitupe, akakataa. Alisema iko ya ule mutu alimutuma afuate maji, na siku atafika mwisho atamurudishia. Hatukumujua huyo mutu.”

“Ni mimi,” mume wangu akasema. “Ni mimi kaka yake. Inukeni, twende tumulilie.”